Riwaya ya tajiri wa samaki Kisumu: wasomaji wanasema anguko lake ni bahati mbaya tu

Wino_wa_Dunga
Wakuu, naomba msaada wa kiufundi. Mswada una sura 24, maneno kama 70,000. Mhusika mkuu (wanamwita Bwana Mizani) anaanza kwa kubeba magunia ya omena ufuoni Dunga, anapanda kuwa mnunuzi, anafuga ngege (tilapia) kwenye vizimba ziwani, kisha anawania uwakilishi wadi. Ana tamaa, ana majivuno, na ndiyo yanayompandisha. Sura ya 22 samaki wake wanakufa usiku mmoja, ya 23 nyumba yake ya Milimani inapigwa mnada, ya 24 anashindwa kura. Waliosoma wanasema anguko ni sadfa tupu, na kwamba walimchoka kitambo kabla hajaanguka. Muhtasari wa sura na dondoo nimewawekea. Nianzie wapi bila kuandika upya kila kitu?

VizimbaUsoma
Samaki kufa usiku mmoja si sadfa. Umeiandika kama sadfa kwa sababu hukumwonyesha akiisababisha.

Maji ya chini ya ziwa huwa na oksijeni kidogo. Upepo mkali ukivuruga ziwa, yale ya chini hupanda juu. Vizimba vinavyokwisha kwanza ni vile vilivyosongamana kwenye maji mafupi karibu na ufuo, juu ya kinyesi na mabaki ya chakula cha misimu kadhaa. Alfajiri ndiyo saa mbaya zaidi, kwa kuwa mwani hautengenezi oksijeni gizani, unaitumia. Utawaona samaki wamepanua midomo juu ya maji, na wakubwa hutangulia kufa, yaani wale waliobakiza wiki chache wapelekwe sokoni.

Kiburi chake kiingize kwenye hesabu. Kizimba cha mita 6 kwa 6, kina mita 2.5, ni mita za ujazo 90. Mwangalifu anaweka samaki 60 kwa kila mita ya ujazo, jumla 5,400. Bwana Mizani aweke 10,000, na msimu wa kwanza ukubali! Akivuna wa gramu 400, anatoka na tani 4 pale jirani anapotoka na tani 2 na ushee. Nani atamwambia kitu baada ya hapo? Lakini kila kilo ya samaki inakula kama kilo 1.5 za chakula, kwa hiyo kizimba kimoja kinameza tani 6, magunia 300 ya kilo 20, nayo anayakopa. Uamuzi mmoja umekupa deni na maji machafu kwa pamoja. Mwenyekiti wa BMU (kamati ya usimamizi wa ufuo) amshauri asogeze vizimba kwenye kina kirefu mapema, tuseme sura ya 10, na amjibu kwa kumwonyesha risiti za mauzo.

Halafu sura ya 5 umemweka akinunua omena Mei. Uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai. Usisahihishe tarehe, mfanye ajue anachofanya. Hilo ndilo kosa lake la kwanza, na awepo aliyeona.

Hatimiliki
Sura ya 23 kisheria haisimami. Dalali haji na nyundo asubuhi ya pili. Kwa Sheria ya Ardhi ya 2012, malipo yakikosekana mwezi mzima, benki inatoa notisi ya miezi 3. Asipolipa, inafuata notisi ya kuuza ya siku 40. Kisha dalali naye anatoa siku 45 za kukomboa. Jumlisha: takriban siku 205. Ukitaka mnada uangukie uchaguzi wa 9 Agosti 2022, malipo yaanze kukosekana katikati ya Januari, na samaki wawe wameshakufa kabla ya Krismasi.

Kwa mwandishi hiyo ni zawadi. Miezi saba mtu anaomba kura huku anaficha barua za benki.

Mambo mawili zaidi. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila idhini ya mwenzi, kwa hiyo lazima kuna siku mkewe alitia sahihi. Alishawishiwaje? Hiyo sura huna, na ni ya sehemu ya kupanda, si ya kuanguka. Pili, vitu vya ndani. Mwuza chakula cha samaki akishinda kesi, dalali huja kwanza kuorodhesha tu: kochi la viti saba, friji, televisheni, jenereta. Anaacha nakala, anarudi baada ya siku 7. Wiki hiyo wageni wa kampeni wanakalia kochi lililokwisha hesabiwa.

Mwalimu_Fasihi_Nakuru
Ukimfuata Hatimiliki, samaki wanahama kutoka sura ya 22 hadi 15 au 16, na anguko linachukua zaidi ya theluthi ya kitabu. Sawa kabisa. Msomaji haridhiki na sura tatu za kuporomoka baada ya 21 za kupanda.

Kuhusu kuchokwa: msomaji humvumilia mwenye majivuno akiwa hodari kweli. Kurasa 40 za kwanza zimwonyeshe kazini, akipima omena kwa jicho na kukosea kwa robo kilo tu, akijua kwa kushika kama imekauka au imelowekwa iongeze uzito. Na futa zile aya msimulizi anapotuambia "hakujua yanayomngoja". Nimehesabu sita katika dondoo uliyoweka. Taharuki inakufa, na msimulizi anaonekana kama anamsubiri aanguke.

Lwanda Magere, yule shujaa wa hadithi za Waluo, usimtaje. Kila mtu hapa anajua kwamba siri ya nguvu zake ndiyo iliyomuua, na ukimtaja umefichua msuko wako. Chukua umbo la kisa, jina liache.

NyarKondele
Nami niseme la majigambo. Umemfanya ajisifu kila ukurasa ili tujue ana kiburi. Ndugu yangu, msomaji wa Kisumu atacheka tu. Kwenye pakruok, majigambo ya Waluo katikati ya muziki, mtu anasimamisha muziki, anatoa pesa, anajisifu mpaka paa litikisike, na hakuna anayeudhika. Ni burudani na ina adabu zake: ukijisifu, unawasifu pia rafiki zako, wakwe zako na kwenu, kisha unampisha mwingine. Kiburi cha mtu wako kionekane hapo. Alipie zamu tatu mfululizo, asitaje mtu ila yeye, na mzee akiinuka na noti yake mkononi, Bwana Mizani amwongezee mwanamuziki pesa ili muziki usisimame kwa ajili ya mzee. Hakuna haja ya kueleza.

Na kule mtaa wa Obunga, kwa akina mama wanaouza mgongo wazi (mifupa ya samaki iliyotolewa minofu), asiwatukane. Awarushie chenji juu ya meza yenye magamba na maji ya samaki, mama aokote sarafu moja moja akizifuta kwa leso, huku yeye keshaingia garini. Mama huyo ana kura, na ana wateja 50 kwa siku wa kuwasimulia.

Wino_wa_Dunga
Nashukuru sana. Swali la mwisho: msimulizi kwa sasa anajua yote. Nimbadilishe?

Mwalimu_Fasihi_Nakuru
Mpe karani wa mizani. Anaandika uzito, kwa hiyo anajua lini walianza kupunja gramu. Ila atahitaji sababu ya kubaki kazini baada ya samaki kufa. Mfanye anadai mishahara ya miezi minne, hawezi kuondoka bila kuipoteza.

VizimbaUsoma
Na karani ndiye hupewa kazi ya kuhesabu mizoga. Wale 10,000 ambao daftari la kampuni linasema ni 5,400.