Kuku wa chungu cha umeme kwa mchuzi wa matunda: jamu ya aprikoti, nanasi au machungwa?

MpishiWaJioni (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, hamjambo. Nataka kupika kuku katika chungu cha umeme kinachopika polepole, kwa mchuzi wa matunda wenye utamu na ukali kidogo, mzito kiasi cha kushikamana na nyama na kuipa mng'ao. Sharti langu ni kwamba kazi ya asubuhi iwe ndogo, na jioni nisikae jikoni zaidi ya robo saa. Nimebakiwa na njia tatu: jamu ya aprikoti pamoja na sosi ya soya na siki, nanasi, liwe bichi au la kopo, pamoja na sukari ya kahawia, au maji ya machungwa na asali. Kuku ni kilo moja na nusu, na bado sijaamua kati ya mapaja na vidari. Ningefurahi kusikia si chaguo lenu tu, bali pia sababu ya kuziacha njia nyingine.

BiKiungo

Mimi nachagua jamu bila kusita. Jamu imekwisha kupikwa na kupunguzwa maji, na ina pektini inayousaidia mchuzi kushika. Chungu chenye kifuniko hakipotezi mvuke, na kuku naye hutoa maji mengi anapoiva, kwa hiyo mchuzi ulioanza ukiwa mwepesi humaliza ukiwa supu. Kwa kiasi chako natumia kikombe kimoja cha jamu, vijiko vikubwa vitatu vya sosi ya soya, viwili vya siki, punje nne za kitunguu saumu zilizopondwa na kijiko kidogo cha tangawizi iliyokunwa. Maji siongezi hata tone. Vyote navimimina asubuhi, nafunika, naondoka.

KisuButu

Kabla ya matunda, tuamue nyama, maana hapo ndipo mlo huu huharibikia. Paja lina kolajeni nyingi ambayo moto mdogo wa muda mrefu huigeuza kuwa jelatini, na ndiyo maana hulainika bila kukauka hata likizidishiwa saa moja. Kidari hakina akiba hiyo. Kikishafika nyuzijoto 74 za Selsiasi katikati kimeiva na kinapaswa kutolewa, nacho hufika hapo baada ya saa mbili na nusu hadi nne hivi kwa moto mdogo. Ukikiacha kutwa nzima utakula nyuzi kavu zilizopakwa jamu. Kwa mtu anayeondoka asubuhi na kurudi jioni, mapaja ndiyo jibu, saa tano hadi sita kwa moto mdogo. Ngozi iondolewe, kwa sababu katika mvuke haikauki wala haipati rangi. Huwa kama mpira na kuujaza mchuzi mafuta.

TundaLaPili

Kuhusu nanasi, ubichi wake ndio hoja yenyewe. Nanasi bichi lina bromelaini, yaani vimeng'enya vinavyovunja protini, na chungu cha polepole huchukua muda mrefu kupanda joto, kwa hiyo vimeng'enya hivyo hupata nafasi ya kutosha kuishambulia nyama kabla joto halijaviua. Matokeo yake ni nyama iliyo rojorojo kwa juu, jambo ambalo ni tofauti kabisa na ulaini. Nanasi la kopo limepashwa moto kiwandani, hivyo halina tatizo hilo. Papai bichi na kiwi nazo zina vimeng'enya vya namna hiyo, endapo kuna anayefikiria kubadilisha. Kwa ladha peke yake nanasi la kopo linazishinda njia nyingine zote mbili, lakini maji yake ya kopo yasimiminwe yote. Chuja vipande, na ubakize vijiko vichache tu.

MvukeMwingi

Nakubaliana na BiKiungo kuhusu jamu, ila sikubaliani naye kuhusu wakati. Matunda yakikaa kutwa nzima katika chungu hupoteza harufu yake, na sukari iliyo pembezoni, hasa katika vyungu vinavyopata joto kali, huganda na kuungua. Zaidi ya hayo, chungu hiki hakifiki joto la kuipa nyama rangi. Rangi ya kahawia huhitaji takriban nyuzijoto 140 na kuendelea, ilhali maji yaliyomo huzuia joto lisipite 100. Mng'ao unaoutaka, MpishiWaJioni, hautapatikana ndani ya chungu hata ukichagua tunda gani.

Kwa hiyo mimi hugawa mchuzi mara mbili. Theluthi moja huingia asubuhi pamoja na kuku, chumvi na viungo. Theluthi mbili hubaki kwenye jokofu. Jioni nawapanga mapaja kwenye sinia la oveni, nawapaka mchuzi uliobaki, na kuwaweka chini ya moto mkali wa juu kwa dakika tatu hadi tano, nikiwa nimesimama palepale, kwani sukari hugeuka kutoka dhahabu hadi mkaa kwa kufumba na kufumbua.

BiKiungo

Ndugu MvukeMwingi, mwenzetu ameomba wepesi. Mchuzi wangu unang'aa vya kutosha nikikorogea kijiko kikubwa kimoja cha wanga wa mahindi ulioyeyushwa katika maji baridi, kisha nikaongeza moto kwa dakika kumi na tano za mwisho. Hata hivyo nakiri kwamba ni mng'ao wa mchuzi, si wa kuku aliyekauka juu.

TundaLaPili

Machungwa hayajatetewa na yeyote, nami sitayatetea sana. Maji yake ni mepesi mno. Yanahitaji kuchemshwa pembeni hadi yabaki robo ndipo yafanane na mchuzi, na huo ndio muda wote wa jioni umekwisha. Lililo bora ni ganda lake lililokunwa, bila sehemu nyeupe iliyo chungu, likinyunyizwa wakati wa kupakua.

MpishiWaJioni

Ahsanteni sana. Basi ni mapaja yasiyo na ngozi, jamu ya aprikoti na mgao wa MvukeMwingi. Yamebaki maswali mawili: je, naweza kumtia kuku aliyeganda moja kwa moja kutoka kwenye friza? Na nikichelewa kurudi, itakuwaje?

KisuButu

Aliyeganda, hapana. Chungu kitachelewa mno kumvusha kati ya nyuzijoto 4 na 60, ambamo bakteria huzaliana kwa haraka. Myeyushe kwenye jokofu tangu usiku uliotangulia. Kuhusu kuchelewa, ikiwa chungu chako hujibadilisha chenyewe kwenda kwenye hali ya kutunza joto, mapaja yatavumilia saa moja au mbili bila kuharibika. Usikijaze kupita theluthi mbili, na uwaombe walio nyumbani wasifunue kifuniko kuchungulia, kwa sababu kila kufunua huongeza takriban dakika 20 hadi 30 za kupika.

TundaLaPili

Na vipande vichache vya nanasi la kopo, vilivyochujwa vizuri, vinaweza kuwekwa juu ya mapaja pale kwenye sinia la oveni. Havitaiharibu jamu yako.