Naacha kurusha ndege za jeshi, nataka kufundisha. Nianzie wapi?

RubaniNanyuki:
Hamjambo ndugu zangu. Nimekuwa rubani katika Jeshi la Wanahewa la Kenya kwa miaka 18, mingi nikirusha Y-12, ile ya injini mbili inayotua hata kwenye viwanja vya vumbi. Mwakani nastaafu. Wenzangu wanatafuta kazi kwenye mashirika ya ndege, lakini moyo wangu uko darasani.

Majuzi nilialikwa shuleni kwa binti yangu nieleze kazi yangu. Nikapuliza juu ya ukanda wa karatasi, ukainuka. Nikaeleza kwamba umbo la bawa ndilo linaloibeba ndege. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye mwalimu wake aliniambia huwa hasemi kitu, akauliza: "Sasa ndege ikiruka kichwa chini, mbona haianguki?" Nimefanya hivyo mwenyewe angani, na bado jibu nililompa halikumtosha. Swali lile halijanitoka.

Shahada yangu ni ya Hisabati na Fizikia, na kambini nimesimamia kompyuta za mafunzo. Nahitaji vyeti gani? Na je, watoto wa miaka 15 watanisikiliza kama makuruta?

MwalimuKilifi:
Karibu sana, afande. Kwanza TSC, tume inayosajili walimu wa Kenya. Bila usajili huruhusiwi kufundisha, hata shule ya kibinafsi. Kwa kuwa shahada yako si ya ualimu, utasoma diploma ya uzamili ya elimu. Chuo Kikuu cha Kenyatta kinayo. Ila kabla ya kulipa karo, toa cheti chako cha KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, ukitazame: wanataka C+ ya jumla, na C+ katika masomo mawili utakayofundisha. Nimeona mtu mwenye shahada nzuri akikwama kwa sababu ya C moja ya tangu ujana.

Kuhusu makuruta: kuruta aliomba kuja, mtoto wa Gredi ya 10 kaletwa. Usitegemee cheo.

FundiMaabara:
Mimi nashughulikia kompyuta za shule. Serikali ilianza kupeleka vishikwambi shule za msingi mwaka 2016. Pale nilipokuwa wakati huo, vilikaa kabatini. Ufunguo ulikuwa mmoja, na soketi za kuchajia mbili. Mwalimu akifungua anakuta nusu vimezima, kipindi kinaisha akihangaika, siku ya pili hagusi tena. Hakuna aliyekuwa ameandika popote kipi kibovu.

Nyinyi marubani mna lile daftari la ndege: hitilafu inaandikwa, fundi anatia sahihi, ndipo inaruka tena. Kaka, tuletee desturi hiyo. Inatufaa kuliko programu yoyote mpya.

AskariMstaafu:
Nilitoka jeshi la nchi kavu nikawa mwalimu wa hesabu. Muhula wa kwanza darasa langu lilikuwa kimya kabisa nikadhani nafanya vizuri, kumbe waliniogopa. Mtihani ulipokuja niliumia. Nilibadilika siku nilipoanza kuketi kwenye dawati la nyuma na kumwacha mmoja wao aeleze ubaoni.

Mshahara wa kuanzia ni mdogo, ketini na mama watoto mpige hesabu mapema. Uliza pia kuhusu somo la Usafiri wa Anga, limo kwenye orodha ya masomo ya sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi 12. Shule ya Upili ya Mang'u wamelifundisha miaka mingi, lakini kwingineko kumpata mwalimu aliyerusha ndege kweli ni bahati.

MwalimuKilifi:
Yule kijana ulimjibu nini hatimaye?

RubaniNanyuki:
Asanteni sana, nimeguswa. KCSE yangu nina B ya fizikia na A- ya hesabu, kwa hiyo naomba nafasi chuoni muhula ujao.

Mwalimu, nilimjibu vibaya. Umbo husaidia, lakini kinachobeba hasa ni pembe ambayo bawa linakutana na hewa. Ukiigeuza ndege, unainua pua zaidi na bawa linaendelea kubeba. Nimekata bawa la kadibodi, na feni ninayo. Mwalimu wake amenipa dakika 20 Ijumaa. Nitamwachia yule kijana aligeuze kwa mkono wake.