Bunduki ya Kambo

Kikundi: BA KAMBO – NYUMBA YA KATUBA 🙏 (bantu 23)

SIKU YA POSHO

06:48 Yaya Godé: Jambo yenu bote, mulilala muzuri? Leo niko Katuba, ninatosha bitu mu chumba ya Kambo, babu yetu. Mupangaji anaingia siku ya tatu. Tulipatana tutakuya bantu sita. Niko peke yangu na mutoto wa jirani. Sitose lawama, ni habari tu.

07:15 Yaya Godé: 📷

07:15 Yaya Godé: 📷

07:17 Yaya Godé: Muone nilichokuta nyuma ya kabati! Imefungwa mu blanketi, na kamba juu. Bunduki ya Kambo, ya mitutu mbili. Na ile bichuma mbili ya kuvuta nyuma na kidole, inaonekana sawa masikio ya mbwa.

07:24 Yaya Godé: Kuko bwana moja wa mutaa ya Golf anatafuta bitu ya zamani ya Babelgi. Nilimutumia foto. Anasema dola 2500 kama ni ya kweli. 2500!! Mabati ya nyumba nzima, kaburi ya Kambo mwanamuke, na tena inabakia. Kila muntu aandike NDIYO ao HAPANA mbele ya kesho saa sita ya muchana.

08:55 Yaya Godé: Ninaona bantu 14 walisoma. Muko kimya juu ya nini?

09:02 Junior: Yaya geuza kwanza mudomo ya ile kitu, mu foto inaniangalia mimi 😂

09:03 Junior: Mimi NDIYO lakini nisilipe transporti

09:06 Yaya Godé: Junior, haiko mambo ya kucheka.

09:41 Patient (Bulaya): Jambo Yaya. Mbele ya bei, iko na kartushi ndani? Usiweke kidole ku mitambo. Katikati ya yale masikio kuko kipini kidogo, sukuma pembeni, mitutu itainama mbele. Angalia ndani.

09:58 Yaya Godé: Nilifanya. Hakuna kartushi. Ninaona mwangaza ngambo ingine, tundu zote mbili safi kabisa. Na iko na mafuta, sawa muntu aliipakaa juzi. Yenye inanishangaza, Kambo alikufa miaka ine sasa.

10:01 Patient (Bulaya): Vizuri. Sasa ile mbao ya chini ya mitutu, ivute, inatoka. Kisha mitutu yenyewe inatoka. Upige foto chini yake, pale panapokutana na chuma ya nyuma. Bei ya bunduki haiandikwe ku mbao. Iko pale chini.

10:04 Patient (Bulaya): Na usiisugue!

10:05 Yaya Godé: Nilisugua paka kidogo, na waya ya sufuria. Ilikuwa na madoa madoa.

10:05 Patient (Bulaya): Yaya 🤦🏾‍♂️ wapi?

10:06 Yaya Godé: Ku mwisho. Sawa urefu ya kidole moja. Niliacha.

10:07 Patient (Bulaya): Yale madoa haiko kutu. Ni damasi. Mafundi walikuwa wanasokota chuma laini na chuma cha pua pamoja sawa kamba, wanaizungusha ku fimbo ya chuma, wanapiga nyundo mu moto mpaka inashikana kuwa mututu moja. Ile michoro njo alama ya kusokota. Ukiisugua umeondoa kile chenye bantu banalipia.

10:09 Junior: Kumbe ni kusuka nywele tu. Yaya aliifungua mabutu 😭😭

11:30 Yaya Godé: 📷 📷 📷 Nilivunja ukucha mbili. Soma sasa.

12:12 Tonton Freddy: Jambo ba toto. Nilikuwa ku lufu, ku kilio. Hiyo bunduki ninaijua muzuri. Muzee alipewa na mukubwa mwenyewe wa kampuni ya shaba Union Minière, 1960, wakati Babelgi banakimbia. Aliua nayo mbogo kule Lufira. Mara ya kwanza kufyatua, ilimupiga ku bega akaanguka chini.

12:14 Junior: Akaruka na matako sawa Kidiaba, golikipa wa Mazembe 😂😂

12:15 Tonton Freddy: Mbele Kidiaba hajazaliwa! Muzee njo alianza.

12:16 Junior: 2010 tungemupeleka Kambo pale Abu Dhabi mu fainali, Inter haingetufunga hata moja

12:18 Cousin Alpha: Ile arbitre mpaka leo simusamehe

12:18 Junior: Tatu bila!! Usiniamushie kidonda

12:25 Yaya Godé: BUNDUKI. Tunazungumza BUNDUKI. Sijaona hata NDIYO moja ya muntu mukubwa.

13:40 Patient (Bulaya): Bon, nimesoma. Nitaeleza polepole.

13:46 Patient (Bulaya): Ile yai ndogo yenye herufi ELG na nyota chini, ni alama ya nyumba ya kujaribia silaha ya Liège, mimi ninakaa dakika kumi kutoka hapo. Bunduki yote ya kule, mbele ya kuuzwa, walikuwa wanaijaribu na baruti mingi kupita kawaida. Ikipona, wanaipiga muhuri. Juu ya yai kuko taji. Taji iliongezwa 1893. Kwa hiyo haiko ya mbele ya pale.

13:49 Patient (Bulaya): Tena, tangu 1922 walikuwa wanaongeza herufi ndogo moja ya mwaka. Nimetafuta ile herufi mu foto zote, haiko. Kwa hiyo bunduki ilizaliwa kati ya 1893 na 1922. Kambo hakuwa amezaliwa bado.

13:52 Patient (Bulaya): 12 yenye iko mu almasi pamoja na C ni kalibre. Maana yake, ukiyeyusha ratili moja ya risasi ukaigawanya mu viduara 12 sawasawa, kimoja kinajaza tundu. Ni kama milimita 18 na nusu.

13:53 Cousin Alpha: Kwa hiyo kalibre 16 ni ndogo kuliko 12??

13:53 Patient (Bulaya): Ndiyo. Ukigawanya mukate kwa bantu wengi, kipande kinapunguka.

13:54 Junior: Sawa nyama ya lufu ya Tonton leo

13:58 Patient (Bulaya): Njo sasa mambo ya maana. Ingekuwa imejaribiwa kwa baruti ya kisasa, ile bila moshi, tungeona simba na herufi PV. Haiko. Iko ya baruti nyeusi ya zamani peke yake. Na chumba ya kartushi, Yaya, ulipima?

14:20 Yaya Godé: Na mita ya cherehani. Sita na nusu.

14:22 Patient (Bulaya): Milimita 65. Kartushi nyingi za leo ni 70. Inaingia, inafungwa, unaona iko sawa. Ukifyatua, mudomo ya kartushi haina nafasi ya kufunguka, nguvu inapanda. Mu mitutu ya damasi ya miaka mia. Mukono wa kushoto njo unashika pale pale. Muntu asijaribu, hata kwa Noeli, hata kwa mwaka mupya. Tonton, unanisikia?

14:30 Tonton Freddy: Mimi njo nilisema kitu?

14:41 Yaya Godé: Nilitaja mita ya cherehani, na ninaona kuko muntu anataka kusema. Mama Béa, unaandika unafuta, unaandika unafuta. Sema.

14:50 Mama Béa: Nilikuwa ninakumbuka tu. Cherehani nayo ilikuwa mu ile chumba. Singer ya mama, yenye miguu ya chuma. Nilienda Kolwezi kuzaa, nikarudi na mutoto ku mugongo, cherehani haiko. Freddy alisema iko kwa fundi. Mutoto leo eko universite. Fundi bado anatengeneza?

14:52 Tonton Freddy: Béa, tena?

14:52 Tonton Freddy: Ile makuta ililipa hospitali ya baba.

14:55 Mama Béa: Hospitali nililipa mimi na Anaclet. Risiti niko nazo.

14:56 Tonton Freddy: *Ujumbe huu ulifutwa*

14:57 Junior: Nilisoma mbele hajafuta 👀

15:03 Yaya Godé: Tafazali. Cherehani tutaizungumza siku yake. Patient, BEI.

15:30 Patient (Bulaya): Haina jina ya fundi popote. Liège zamani, muntu moja alikuwa anafanya mitutu nyumbani kwake, mwingine mitambo, mwingine mbao, kisha muuzaji anaunganisha. Ingekuwa imeandikwa Francotte, tungezungumza lugha ingine. Huku ku mnada, ya namna hii bila jina, mara mingi haipite euro 300.

15:31 Yaya Godé: 300???

15:31 Yaya Godé: Na bwana wa Golf anatoa 2500?

15:34 Patient (Bulaya): Njo ulizo yangu. Mwenye kutoa 2500 kwa kitu ya 300, haiko anatafuta ya kuweka ku ukuta.

16:10 Nadège Avoka: Samahani, nilikuwa na muteja. Mulishaanza bila kuuliza swali ya kwanza. Kibali iko wapi? Mu sheria ya silaha ya 1985 kibali ni ya muntu, haiko ya nyumba. Yaya, unashika silaha bila karatasi, na ulituma foto kwa muntu usiyemujua. Kuko karatasi yoyote mu blanketi?

16:15 Yaya Godé: Hakuna. Nilipekua mpaka mu magodoro. Karatasi zote za Kambo ziko mu sanduku, za kazi, za ubatizo, hata ya kinga, za bunduki hata moja.

16:16 Nadège Avoka: Kambo huyu mwenye alikuwa anaweka mpaka risiti ya chumvi?

16:40 Patient (Bulaya): Yaya kitu kimoja tu. Chini ya mbao ya nyuma kuko kibati kidogo cha feza, umbo ya yai. Kina herufi?

16:52 Yaya Godé: T. M.

16:53 Patient (Bulaya): Pale wanaandika mwenye bunduki. Kambo hakuwa T, hakuwa M.

16:53 Junior: Tout Puissant Mazembe, P ilianguka mu Lufira

16:54 Cousin Alpha: Tajiri Mukubwa

16:55 Tonton Freddy: Ni jina ya ule mukubwa wa Union Minière. Nilisema.

16:56 Junior: Tonton Mwongo

16:56 Junior: Samahani Tonton, ni Alpha alishika telefone yangu 🙏

19:20 Yaya Godé: Moto ilikatika Katuba. Ninarudi nyumbani, bunduki iko nyuma ya kabati kama nilivyoikuta. Bwana wa Golf anapiga telefone mara ya tano, sipokee. NDIYO ziko tatu, HAPANA moja, kimya kumi na tisa.

SIKU YA YENGA

10:37 Mireille: Jambo yenu. Niko Kipushi kwa Baba Mukubwa Anaclet. Nilimusomea yote kutoka juu. Alinyamaza, alikunywa chai. Sasa anasema niandike, maneno ni yake, nisiongeze.

10:44 Mireille: «Batoto. Ile bunduki haiko ya baba. Baba hakuwa muwindaji. Freddy, ile mbogo uliitosha mu kichwa yako.

10:49 Mireille: Mwaka 1992 tulikuwa Likasi. Walikuwa banafukuza bantu ya Kasai. Baba Tshimanga alikuwa mwenzake wa kazi, nyumba yetu na yake ukuta ni moja. Alikuya usiku na ile blanketi. Alisema: nikipita nayo mu njia watatuua, nikiiacha kwangu wataiba, na kesho wataua nayo muntu. Baba alimuambia: weka, utaikuta.

10:53 Mireille: Hakurudi. Kila mwaka mbele ya Noeli baba alikuwa anafunga mulango, anaitosha, anaipakaa mafuta, anairudisha. Mimi njo nilikuwa ninashika taa. Tangu amekufa, ninaipakaa mimi. Mwezi wa kumi na mbili nilitoka Kipushi na taxi, Godé alinipikia bukari na sombe, hakuniuliza nilienda kufanya nini mu chumba. Baba hakufyatua hata siku moja.

10:54 Mireille: Kitu ya muntu hakiuzwe. Nilimaliza.»

10:55 Mireille: Amelala sasa.

11:38 Papa Claude: Aksanti Baba Mukubwa. Nilikuwa na miaka 11. Tulilala ku gare ya Likasi miezi mbili, inje, tukingoja gari moshi. Mudogo wangu alibaki pale.

11:38 Papa Claude: Sikujua kama kulikuwa nyumba yenye iliweka kitu.

12:50 Yaya Godé: Baba Mukubwa, poleni. Shemeji Claude, pole sana. Miaka yote hii mimi njo ninafagia ile chumba na hakuna aliyeniambia.

12:58 Nadège Avoka: Aksanti Baba Mukubwa. Lakini sheria haijui amana. Kesho niandike barua, tuitangaze, mimi niende pamoja na Yaya.

13:05 Tonton Freddy: Uipeleke ku ofisi, haitarudi. Utaikuta kwa bwana wa Golf.

13:06 Mama Béa: Kwa hii moja, Freddy eko na haki.

13:07 Junior: Andikeni tarehe 📌

13:15 Papa Claude: Kuko shangazi yangu kule Mwene-Ditu, anajua familia mingi zenye zilitoka Likasi. Baba Tshimanga alikuwa na batoto?

13:21 Mireille: Aliamka, nilimuuliza. Anasema mutoto mwanamuke moja, Ngalula, alisoma na Tonton Freddy.

13:40 Mama Béa: Freddy?

13:58 Tonton Freddy: Ndiyo. Nilimujua.

14:30 Yaya Godé: Sawa. Claude aulize shangazi. Nadège angojee kwanza na barua, mpaka siku ya tano. Hapana, siku ya ine. Lakini mupangaji anaingia siku ya tatu, na mu ile chumba haitabaki. Nani anaichukua? Mimi niko na batoto mu nyumba.

14:31 Yaya Godé: Nani?

15:10 Patient (Bulaya): Yaya, mitutu na mbao visikae pahali pamoja. Na foto zako, futa kwa bwana wa Golf kama inawezekana bado.

15:12 Yaya Godé: Alishaziona. Nilimufunga ku telefone.

15:20 Junior: Yaya, uliifunga tena na kamba ile ile?

15:26 Yaya Godé: Ndiyo. Lakini fundo ya Kambo nilishindwa kuirudisha.

17:05 Tonton Freddy: Na mabati?

21:47 Tonton Floribert: Jambo yenu bote, nilikuwa Kasumbalesa bila unite ya telefone. Ninaona mambo ya bunduki. Kwangu ni NDIYO, muuze mbele bei haijashuka.