Mrejesho: Simba, mbwa wangu mwenye figo mbovu

Niliwauliza kama Simba adungwe sindano ya mwisho, ile ya kumlaza milele bila maumivu, au niendelee na dripu, maana daktari mmoja huku Kasarani alisema figo zimekwisha. Asanteni kwa majibu, hata yale makali.

Nilianza na ushauri wa kutafuta maoni ya pili. Tulienda kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete. Damu ilionyesha ugonjwa wa kupe, erlikia, mbali na zile figo mbovu. Akaanzishiwa doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, na dripu. Homa ikashuka, ufizi ukarudi rangi, akawa anafuata sufuria ya ugali hadi jikoni.

Figo ndizo zilizokataa. Kreatinini, uchafu wa damu ambao figo hupaswa kuuchuja, ilishuka kidogo, kisha ikapanda kuliko mwanzo. Akatapika tena, mdomo ukanuka mkojo. Dada aliyesema niweke alama kwenye kalenda, siku njema na siku mbaya, Mungu akubariki. Ilinisaidia kuliko vipimo vyote. Mbaya zilipozidi, sikuhitaji kumuuliza mtu.

Daktari alikuja nyumbani. Kwanza dawa ya usingizi mzito, halafu ile ya kusimamisha moyo. Simba hakushtuka hata kidogo. Baba, ambaye hakutaka mbwa akanyage hata varanda, ndiye aliyemshika kichwa.

Kwa mwenye mgonjwa kama wangu: ulizia kipimo cha magonjwa ya kupe mapema, kabla ya kukata tamaa. Na usimpe ibuprofeni, dawa ya maumivu ya binadamu. Huumiza figo zaidi.