Tovuti ya studio yangu Jinja haionekani kabisa Google, naombeni ushauri

Lenzi ya Walukuba (Jinja)

Wakuu, habari za jioni.

Ninaendesha studio ndogo ya picha hapa Jinja, mtaa wa Walukuba. Kazi zangu kubwa ni kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani kwa wazazi wa binti), harusi na mahafali. Mwaka jana niliona nisitegemee watu kuambizana tu, nikanunua jina la .co.ug, nikalipia hosti (nafasi ya kuweka tovuti mtandaoni), na kijana mmoja akanijengea tovuti kwa WordPress, programu ya kujengea tovuti. Ni nzuri, kila anayeifungua anaisifu. Ukurasa wa mbele una picha 24 zinazopita zenyewe, kuna ukurasa wenye bango la bei, na fomu ya kuniandikia.

Sasa ni miezi 8. Hajatokea hata mtu mmoja aliyenipigia akasema amenikuta Google. Nikitafuta kwa Kiingereza mpiga picha wa harusi Jinja, wananijia wa Kampala, na hata studio moja ninayojua ilishafungwa. Nimeshuka mpaka ukurasa wa sita, mimi simo.

Kilichonileta hapa ni hiki. Mwezi uliopita dada mmoja niliyesoma naye alikuwa na kwanjula Bugembe, karibu kabisa na kwangu. Mpiga picha alitoka Kampala. Nilipomuuliza kwa upole akanijibu, "Nilikutafuta mtandaoni sikukuona, nikajua uliacha kazi." Usiku ule usingizi haukuja.

Kuna mtu anataka shilingi 600,000 anifikishe namba moja ndani ya wiki mbili. Nimlipe? Au kuna kitu ninaweza kufanya mwenyewe? Mimi si mtu wa kompyuta, najua kamera na mwanga.

Fundi Nyaya (Kampala)

Pole dada. Hela zako zikalie kwanza. Google wenyewe wanaonya kwenye maelezo yao kwamba hakuna anayeweza kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza. Anayekuahidi namba moja kwa tarehe, ama hajui kazi ama atakununulia linki za takataka, na hizo zinaweza kukushusha ukaja kuhangaika kuzisafisha.

Kabla ya ushauri wowote tujue kama Google inajua tovuti yako ipo. Fungua Google, andika site: halafu papo hapo, bila kuacha nafasi, anwani ya tovuti yako. Tuambie umeona kurasa ngapi.

Lenzi ya Walukuba

Nimefanya. Inasema hakuna matokeo. Nimerudia kwenye simu ya mdogo wangu, vilevile.

Fundi Nyaya

Basi tatizo lako si kushindwa na wa Kampala, hujaingia uwanjani kabisa. Ingia WordPress kama msimamizi, fungua Settings, kisha Reading. Shuka chini karibu na mwisho. Kuna kisanduku kinachoziambia injini za utafutaji zisiorodheshe tovuti hii. Kina tiki?

Lenzi ya Walukuba

Nimekiona. Kina tiki.

Nimekaa nakiangalia kama dakika nzima. Kisanduku kidogo kuliko kucha ya kidole cha mwisho, na miezi 8 yote ninalipia hosti kimekaa hapo. Nimeitoa tiki na kuhifadhi. Sasa nifanye nini?

Fundi Nyaya

Aliyeijenga huenda aliiweka ili tovuti isionekane ikiwa nusunusu, kisha akasahau kuitoa. Hutokea sana, usimchukie.

Sasa fungua akaunti ya Google Search Console, huduma inayokuonyesha tovuti yako inavyoonekana kwenye utafutaji wa Google. Ni bure. Thibitisha kuwa tovuti ni yako, halafu wasilisha ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zake; WordPress huitengeneza yenyewe, kwa kawaida anwani yake huishia na wp-sitemap.xml. Kisha bandika anwani ya ukurasa wa mbele kwenye kisanduku cha juu, na uombe uorodheshwe. Fanya hivyo na kwa kurasa zako muhimu. Huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki. Usiombe kila asubuhi, haiharakishi chochote.

Hapo utakuwa umefungua mlango tu. Ndani ya nyumba kuna nini, nawaachia wapiga picha wenzako.

Bi Kamera (Mombasa)

Mdogo wangu, hapo kwenye picha 24 zinazopita zenyewe ndipo niliposimama. Nami niliwahi kuwa na ukurasa kama huo na niliupenda, kwa hiyo naongea na wewe kwa roho safi.

Picha hizo ulizipakia moja kwa moja kutoka kwenye kamera? Kama ndiyo, kila moja huenda ina megabaiti 8. Zidisha kwa 24, unapata 192. Mama wa bibi harusi akifungua tovuti yako akiwa na bando la megabaiti 100, bando linakwisha kabla hajafika kwenye namba yako ya simu. Yeye anaona duara linazunguka tu, anafunga, anarudi kutafuta mwingine. Google nayo huisoma tovuti kwa jicho la simu kwanza, na kipimo chao ni kwamba kitu kikubwa kabisa cha juu ya ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5.

Punguza. Upande mrefu wa picha uwe pikseli 2000, ubora 75 au 80, uhifadhi kwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, ikiwezekana. Picha itashuka mpaka kilobaiti 200 au 300, na kwenye kioo cha simu hakuna mteja atakayeona tofauti. Ukurasa wa mbele ubaki na picha 8 ulizozichagua kwa uchungu. Ukimaliza, pima kwa PageSpeed Insights, kipimo cha Google cha kasi ya tovuti, halafu fanya kipimo ninachokiamini zaidi: azima simu ya bei nafuu, zima Wi-Fi, fungua tovuti ukiwa nje ya nyumba, uhesabu kwa mdomo.

La pili ndilo kubwa. Tovuti yako ina maneno mangapi? Sisi tunadhani picha inajieleza. Kwa binadamu, ndiyo. Lakini Google hutegemea sana maneno yaliyoizunguka picha ili ijue ni ya nini na imuonyeshe nani. Bibi yake bwana harusi akifuta machozi kwa ncha ya vazi lake la gomesi, na faili linaitwa DSC_0457.jpg, chini hakuna neno hata moja, Google itajuaje kwamba hii ni kwanjula, na ni Jinja?

Kila sherehe ipe ukurasa wake. Eleza palikuwa wapi, mwanga ulikuwaje, mvua ilikuja saa ngapi, mlihamia wapi, ulimpangaje ssenga (shangazi wa bibi harusi) na mabinti aliowaongoza, familia ilitaka nini. Andika kama unavyomsimulia mteja aliyekuja studio. Hakuna idadi ya maneno ya kichawi. Faili lipe jina linaloeleweka, maneno yatenganishwe kwa vistari, na kwenye nafasi ya maelezo mbadala (Alt Text) andika sentensi fupi inayosema kilichomo: "Bibi harusi mwenye gomesi ya kijani akimpigia magoti baba yake, kwanjula Bugembe." Maelezo hayo humsaidia pia asiyeona, ambaye simu yake humsomea kwa sauti.

Na lile bango la bei ni picha, sivyo? Bei ziandike kwa maandishi. Zikikaa ndani ya bango, mtu akitafuta bei, bango lako haliwezi kushindana na ukurasa ulioandikwa.

Kijana wa Ntinda (Kampala)

Kwa heshima zote, mnamchosha dada. Tovuti nani anafungua siku hizi? Wateja wako TikTok na WhatsApp. Weka video fupi kila siku utajaa kazi.

Bi Kamera

TikTok aendelee nayo, sijamkataza. Ila mtu wa TikTok anaangalia, anapenda, anapita. Anayeandika Google "mpiga picha Jinja" ameshapata tarehe ya sherehe na ana bajeti mkononi. Ni watu wawili tofauti, na huyu wa pili ndiye aliyempotea dada yetu kule Bugembe.

Fundi Nyaya

Na tukumbuke Facebook hapa Uganda ilifungwa Januari 2021, watu wakawa wanaipata kwa VPN. Waliokuwa na kila kitu upande ule walilazimika kuanza upya kwingine. Jina lako la .co.ug ukilipia kila mwaka ni lako, na linki ya TikTok iwapeleke watu huko.

Mama Albamu (Mbarara)

Dada, mbona hakuna aliyetaja Ramani za Google? Mimi wateja wangu wengi hunipata hapo kabla hata ya kufika kwenye tovuti. Fungua Wasifu wa Biashara wa Google, ule uliokuwa ukiitwa Google My Business mpaka mwaka 2021. Nao ni bure. Chagua aina ya biashara, mpiga picha, weka saa za kazi, simu, na picha za kweli za studio. Kwenye uthibitisho mara nyingi wanataka video: unaanza barabarani pakionekana mtaa, unaonyesha kibao, unaingia ndani mpaka kwenye kamera na taa zako. Mimi yangu ilikataliwa mara ya kwanza kwa sababu niliichukua jioni na kibao hakikusomeka. Ichukue mchana.

Jina la studio na namba ya simu viwe vilevile kila mahali: ramani, tovuti, TikTok. Kama ulibadilisha laini, tafuta kila ulipoacha ile ya zamani.

Kisha maoni ya wateja. Siku unayokabidhi albamu, wakiwa bado wanacheka na picha, watumie linki kwa WhatsApp na uwaombe waandike. Usiwape punguzo ili waandike, Google wanakataza. Na jibu kila maoni, hata yenye lawama. Hasa yenye lawama.

Lenzi ya Walukuba

Dada zangu na kaka, sijui niwashukuruje. Nina maswali mawili. Maneno niandike kwa lugha gani? Wateja wangu wanaongea Lusoga, Luganda, Kiingereza, na huku Walukuba Kiswahili ndicho cha mtaani. Na la pili, wa Kampala wana tovuti za miaka kumi, nitawapita vipi?

Bi Kamera

Andika kwa lugha wanayotafutia, na kwa Uganda naamini wengi huandika Kiingereza huku majina ya sherehe yakibaki ya kwao. Jibu la swali lako la pili limo humohumo. Usipigane nao kwenye "mpiga picha wa harusi Uganda", watakuelemea. Tengeneza ukurasa wa kwanjula Jinja. Tengeneza wa kasuze katya, ile sherehe ya bibi harusi kabla ya harusi. Tengeneza wa picha za maharusi kwenye kingo za Nile, saa ipi mwanga ni mzuri, wapi pana kiingilio, wapi gari linaegeshwa. Hayo unayajua wewe, wa Kampala hayajui.

Na kichwa cha kila ukurasa kitofautiane na kingine. Nina hakika wa mbele sasa umeandikwa "Home" tu. Uandike kazi na mji kwanza, jina la studio lifuate.

Wakili Mpole (Entebbe)

Naingia kwa jambo moja ambalo nyinyi wapiga picha hulisahau. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Sura ya mtu ni taarifa yake. Ukianza kuandika jina la familia, mahali na tarehe chini ya picha, umewaweka hadharani kuliko picha tupu. Pata ridhaa kwa maandishi kabla ya kupandisha, ukurasa mmoja unatosha, usainiwe siku ya kulipa amana. Picha za watoto, muulize mzazi au mlezi. Na mtu akigeuka baadaye akaomba itolewe, itoe.

Lenzi ya Walukuba

Wakuu, narudi na mrejesho. Ni wiki ya tano leo.

Laki sita sikulipa. Ukurasa wa mbele una picha 8, na niliupima kwa simu ya Tecno ya jirani nikiwa kituo cha taksi. Nilihesabu mpaka tatu, picha ikawa imeshafunguka. Zamani niliacha kuhesabu kwenye ishirini.

Google sasa inanijua. Nikiandika jina la studio ninatokea wa kwanza na ramani pembeni, video ya uthibitisho ilipita. Kwenye Search Console naona ukurasa wa kasuze katya umeonekana mara 41 na watu 3 wamebofya. Kwenye harusi Jinja bado niko mbali, ukurasa wa tatu hivi, ila nipo.

Kuhusu ridhaa, niliwapigia wateja wa zamani mmoja mmoja. Wengi walikubali. Bibi harusi mmoja wa Iganga alikubali picha zote isipokuwa ya jjajja yake, mzee wa familia, kwa sababu mzee alifariki mwezi wa pili na familia hawajazoea kumuona. Ile ndiyo ilikuwa picha yangu bora ya mwaka. Nimeitoa kwenye tovuti, nimeichapisha kubwa, na Jumamosi ninampelekea.

Mama Albamu, maoni niliyopata ni manne. Moja linalalamika kwamba albamu ilichelewa siku tisa, na ni kweli ilichelewa. Nimejibu na kuomba radhi. Je, jibu lenyewe niliache fupi hivyo, au nieleze na sababu?

Mama Albamu

Liache fupi. Sababu mwambie kwa simu.