Naomba ushauri: Shattered Pixel Dungeon, ngazi ya tano inanishinda

Wadau, habari zenu. Juzi nimepakua gemu ya simu iitwayo Shattered Pixel Dungeon na tayari nimeipenda. Ni ya bure, haina matangazo wala haili bando, kwa hiyo naicheza ndani ya matatu foleni ya Thika Road ikikwama. Hakuna pupa: unapiga hatua moja, adui naye yake. Kinachonivutia zaidi ni dawa. Rangi zake hubadilika kila unapoanza upya. Nyekundu iliyokuponya jana, leo huenda ikakuwasha moto. Na ukifa umekufa, unarudi mwanzo kabisa.

Sasa shida ni Goo, lile dubwana la ute kule chini kwenye mitaro ya maji taka. Natumia mpiganaji. Nikikaribia kulimaliza linaingia majini na kupona, na likijivimbisha, pigo linalofuata linanilaza. Je, nilivute nchi kavu kwanza? Likivimba nikimbie au nizidi kupiga? Zile hati za kuboresha vifaa nazo, niziweke zote kwenye deraya ama nigawe na upanga? Mwenye uzoefu anielekeze tafadhali, natamani sana kufika gerezani, eneo linalofuata kwenye gemu.