Mrejesho: ile nibu ya titaniamu niliyoulizia

Wakuu, salamu kutoka Mbeya, baridi haina utani huku. Niliuliza kama kalamu ya wino yenye nibu (kile kipande cha mbele kinachoandika) ya titaniamu inamfaa mtu anayeandika mihtasari ya vikao vya AMCOS (ushirika wa wakulima) ya kahawa, au nibaki na ya chuma. Wengi mlisema nijaribu. Nimeinunua.

Ni laini kweli. Ukikandamiza kidogo mstari unanenepa, ukilegeza mkono unarudi mwembamba. Ila haitelezi, inakwaruza karatasi kidogo kama penseli. Wapo wasioipenda hali hiyo, mimi naipenda, mkono unajua ulipo.

Wino sasa, inautoa mwingi! Kwenye kauntabuku la kawaida unasambaa mpaka upande wa pili. Nimehamia wino usiotiririka sana na karatasi nzito, afadhali.

Ninachoogopa ni kupinda. Titaniamu inanesanesa, lakini ukizidisha nguvu yale matawi mawili ya nibu, kushoto na kulia kwa mpasuo wake, yanaachana na hayarudi. Kwa hiyo siazimishi, hata kwa mwenyekiti. Nakala za kaboni naandika kwa biki.

Aliyeuliza kutu: haishiki. Na pale kwenye ncha panapogusa karatasi pamechomelewa tone la metali nyingine ngumu zaidi.

Mkuu uliyetaja kalamu ya Parker T-1, ile ilitoka 1970, mwili na nibu vyote titaniamu, wakaiacha 1971. Leo ni ya wakusanyaji. Kwa bei zake, tusubiri msimu wa kahawa kwanza.